Utasoma na Nani? Jibu kwa Msomaji Anayechagua Chuo

Swali: Nimedahiliwa katika vyuo vikuu viwili na nimebakiwa na majuma machache ya kuthibitisha nafasi. Cha kwanza ni kikubwa, kina mabweni, klabu nyingi na michezo, na wanafunzi wake niliozungumza nao wanasema maisha ya pale ni ya raha. Cha pili ni kidogo, kinasifika kwa ugumu wa masomo na jina lake linaheshimiwa zaidi, lakini wanafunzi wake wengi huishi mbali na chuo. Wazazi wangu wanataka niende cha pili. Kaka yangu anasema mshika mbili moja humponyoka, na kwamba marafiki nitawapata nikishahitimu. Napenda kusoma na nimekuwa nikifanya vizuri, ila najijua: nikikaa peke yangu muda mrefu hunyong'onyea, na hata masomo hunishinda. Je, nichague chuo kwa ajili ya masomo au kwa ajili ya maisha?

Jibu:

Ndugu msomaji, methali aliyokutajia kaka yako ina ukweli pale mambo mawili yanapovutana, kila moja likitaka saa zilezile na nguvu zilezile. Kabla ya kuikubali inafaa kuuliza kama masomo na maisha ya kijamii huvutana kweli katika kila chuo. Katika kazi yangu ya kuwashauri wanafunzi wanaojiandaa kuingia chuoni nimeona kwamba jambo hilo hutegemea sana namna chuo chenyewe kilivyopangwa. Kipo chuo ambacho mwanafunzi akitaka marafiki hana budi kuacha vitabu, kwa sababu marafiki wako mahali pengine, wakati mwingine, katika shughuli nyingine kabisa. Na kipo chuo ambacho mtu hupata marafiki kwa njia ileile anayopatia alama, yaani kwa kukaa meza moja na wenzake wakihangaika na zoezi moja, kisha wakaenda kula pamoja. Kwa hiyo nakuomba uliweke kando kwa muda swali la masomo au maisha, na ukipime kila chuo kwa swali hili: hapa nitaishi na nani, nitasoma na nani, na je, watu hao watakuwa walewale?

Tuanze na saa, maana hofu nyingi katika jambo hili ni hofu ya muda kutotosha. Juma lina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, nawe unapaswa kulala hivyo kwa kuwa ubongo huyaimarisha usingizini yale uliyojifunza mchana, zinabaki 112. Mfumo wa krediti wa vyuo vikuu vya Ulaya huhesabu mwaka mzima wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, zikiwemo mihadhara, kujisomea na mitihani; hizo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, na zikigawanywa kwa majuma 40 zinakuwa kama saa 38 hadi 45 kwa juma. Toa nyingine 21 za kula, kuoga, kufua na shughuli ndogondogo za kila siku. Hata kwa mwanafunzi mwenye bidii kamili, zinabaki zaidi ya saa 40. Kinachowasumbua wengi ni kutawanyika kwa saa hizo: nusu saa hapa, robo saa pale, mapengo kati ya mhadhara na mhadhara ambayo hayatoshi kusoma wala kukaa na mtu. Mwanafunzi anayetumia saa moja kwenda chuoni na saa moja kurudi, siku 5 za juma, amepoteza saa 10, na kwa kawaida zinazopotea ni zile za jioni ambazo wenzake wanazitumia kujuana.

Urafiki nao hudai saa zake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti uliokadiria kwamba watu wasiojuana huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, kama saa 90 ili urafiki ukomae, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Sidai kwamba kila urafiki hufuata vipimo hivyo, lakini vinafafanua jambo ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaambiwi vya kutosha: upweke wa miezi ya mwanzo kwa kawaida hautokani na kasoro ya tabia, bali na saa ambazo hazijatimia. Utafiti huohuo uliona pia kwamba saa za kuwa pamoja darasani au kazini hazijengi ukaribu kama zile za kupumzika na kuzungumza. Ndiyo maana kukutana na watu mhadharani peke yake hakutoshi. Lazima chuo kiwe na mahali pa kubaki baada ya mhadhara, na watu wawe na sababu ya kubaki.

Mahali unapoishi hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila wewe kujua. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wenye ndoa walioishi katika nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Wakazi hao walikuwa wamepangiwa nyumba bila kuchaguana. Asilimia 41 ya majirani wa mlango kwa mlango walikuwa marafiki wa karibu, lakini kwa walioishi ncha mbili za korido moja ilikuwa asilimia 10 tu. Umbali wa hatua chache uliamua mengi kuliko walivyodhani wenyewe. Kwa mtu kama wewe, ambaye amekwisha kujua kwamba upweke humdhoofisha, suala la bweni si la starehe. Ni sehemu ya masharti yako ya kusoma, na una haki ya kulitilia uzito uleule unaolitilia suala la maktaba.

Lakini bweni lina pande mbili, na hapa ndipo ningependa usitulie upesi na habari za chuo cha kwanza. Bruce Sacerdote aliwachunguza wanafunzi wa Dartmouth College waliopangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu, na katika makala yake ya mwaka 2001 alionyesha kwamba mwenzako wa chumba huathiri alama zako na vikundi utakavyojiunga navyo, ingawa haathiri sana fani unayochagua kusomea. Todd na Ralph Stinebrickner, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wanafunzi wa Berea College, waliona kwamba mwanafunzi aliyepangiwa mwenzake mwenye mchezo wa video chumbani alisoma karibu dakika 40 pungufu kwa siku, na alama zake zikashuka. Angalia kwamba mwanafunzi huyo hakuwa mvivu wala hakuchagua anasa. Alipangiwa chumba tu, na chumba kikampangia ratiba. Kwa hiyo ukisikia chuo kina mabweni, uliza zaidi: vyumba hupangwaje, kuna mabweni au sehemu zenye saa za utulivu zinazoheshimiwa kweli, na je, wanafunzi wa fani moja huweza kuwekwa karibu? Wale waliokwambia maisha ni ya raha, waulize husoma wapi na saa ngapi. Jibu lao la pili litakufunulia mengi kuliko lile la kwanza.

Sasa nifike kwenye hoja ninayoithamini kuliko zote. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika kozi ya kalkulasi, tawi la hisabati, ilhali wanafunzi wenye asili ya China walifaulu vizuri katika kozi hiyohiyo. Maelezo yaliyozoeleka wakati huo yalikuwa ya uvivu, ya maandalizi duni na ya familia zisizojali elimu. Treisman aliwafuatilia wanafunzi wenyewe, akawatazama wakisoma na wakiishi, na hakuona maelezo hayo yakithibitika. Wengi wa wanafunzi weusi walikuwa na bidii na nidhamu kubwa, na baadhi yao walikuja na alama nzuri sana. Ila walisoma peke yao, na maisha yao ya kijamii waliyatenga kabisa na masomo. Wenzao wa asili ya China walifanya mazoezi kwanza kila mtu peke yake, kisha jioni wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, wakabadilishana mitihani ya miaka iliyopita na kujua kila mmoja yuko wapi. Kwao, kusoma na kuwa na watu lilikuwa tendo moja. Treisman akaanzisha warsha ambazo wanafunzi walifanya kazi pamoja kwa maswali magumu, wala si mafunzo ya marudio kwa wanaoshindwa, na matokeo ya waliohudhuria yakapanda sana.

Nimekusimulia kisa hicho kwa urefu kwa sababu ushauri wa kaka yako, ingawa ameutoa kwa nia njema, ndio hasa walioufuata wale waliokuwa wakianguka. Walifunga mlango wakasoma. Mtu anayesoma peke yake hajui kama ugumu anaoupata ni wa kila mtu au ni wake tu, na akikosea njia katika swali la kwanza anaweza kuifuata njia hiyo kwa majuma bila wa kumwambia. Kwa hiyo marafiki utakaowapata baada ya kuhitimu, hata wawe wema namna gani, hawataifanya kazi hiyo. Wanaoweza kuifanya ni wenzako wa kozi, katika muhula uleule.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ya kiutaratibu ambayo waombaji hawayatazami kabisa, nami huyatazama kwanza. La kwanza ni namna ya kutoa alama. Pale ambapo alama hugawanywa kwa kulinganisha wanafunzi, kiasi kwamba wachache tu wanaweza kupata alama ya juu hata kama wote wamefanya vizuri, kumfundisha mwenzako ni kujipunguzia nafasi, na wanafunzi hulijua hilo haraka. Maelezo ya mihadhara hufichwa na vikundi vya kujisomea huwa vya watu wawili watatu wanaoaminiana. Pale ambapo kila mmoja hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, kusaidiana hakumgharimu mtu. La pili ni kama wanafunzi wa programu moja husoma kozi karibu zote pamoja, mwaka hadi mwaka, au kila mmoja hujichagulia kozi kiasi kwamba kila muhula anakutana na nyuso mpya. Uhuru wa kuchagua una faida zake, nami siupingi, ila ukirudi kwenye zile saa 50 na 90 utaona kwamba mwanafunzi wa mfumo huo huanza kuhesabu upya kila muhula, isipokuwa bweni au kikundi kingine kimshikilie.

Ndiyo maana ukubwa au udogo wa chuo, ambao watu huuzungumzia sana, hauniambii mengi wenyewe. Chuo cha maelfu ya wanafunzi ambacho baada ya mhadhara mkubwa huwagawa katika semina za watu 15 wenye mkufunzi mmoja muhula mzima kinaweza kuwa na ukaribu kuliko chuo kidogo ambacho watu husikiliza mihadhara na kutawanyika. Ulisema wengi wa chuo cha pili huishi mbali. Hilo limenishughulisha kuliko ugumu wa masomo yake, kwa sababu masomo magumu yasiyo na mahali pa kukutania jioni ndiyo hali ileile ambayo Treisman aliikuta.

Kuhusu kunyong'onyea, tafadhali usilionee haya jambo hilo, wala usikubali kuambiwa ni udhaifu. Vincent Tinto, aliyetoa mwaka 1975 nadharia inayorejelewa sana kuhusu sababu za wanafunzi kuacha chuo, alieleza kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kwa kujiunga na chuo kwa pande mbili, upande wa masomo na upande wa watu, na kwamba upande mmoja ukikatika anaweza kuondoka hata kama mwingine uko salama. Kwa maneno mengine, mwanafunzi mwenye alama nzuri asiye na mtu huweza kuacha chuo, sawa na mwenye marafiki wengi asiyefaulu. Wewe umeutambua mapema upande wako ulio dhaifu. Wengi huutambua wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani.

Wazazi wako wanaangalia jina la chuo, na wana sababu, kwa kuwa jina hufungua baadhi ya milango. Hata hivyo, uzito wake huenda ni mdogo kuliko wanavyodhani. Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa mwaka 2002 nchini Marekani, waliwalinganisha wanafunzi walioomba na kukubaliwa na vyuo vya viwango vinavyofanana, kisha baadhi yao wakaenda kwenye chuo kinachochuja waombaji zaidi na wengine wakaenda kwingine. Kwa wastani, mapato yao ya baadaye hayakutofautiana sana. Wanafunzi waliotoka familia zenye kipato cha chini walikuwa tofauti: hao walinufaika kwa kwenda chuo kinachochuja zaidi, na wewe ndiye ujuaye kama hali yao inafanana na yako. Ikiwa inafanana, au fani yako ni ile ambayo waajiri huwatafuta wahitimu wa vyuo vichache tu, hoja ya wazazi wako inapata nguvu na usiipuuze. Kuna upande mwingine wa kuufikiria pia. Herbert Marsh ameonyesha, kwa tafiti alizozianza miaka ya 1980, kwamba mwanafunzi mwenye uwezo uleule hujiona dhaifu zaidi kimasomo anapozungukwa na wenye uwezo mkubwa. Wewe umezoea kufanya vizuri, kwa hiyo jiulize utajionaje ukiwa wa katikati, na nani atakuwa karibu kukukumbusha kwamba hujapungua.

Klabu na michezo zisikushughulishe sana. Chuo chenye klabu 100 hakikupi marafiki zaidi ya chenye 10, kwa kuwa utakayodumu nayo ni moja au mbili. Ichague ile inayokutana kila juma, siku ileile.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, ukiweza, vitembelee vyuo vyote viwili siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wageni, na ubaki mpaka usiku. Pita maktaba na vyumba vya kujisomea kama saa tatu usiku, uone kama watu wanasoma wawiliwawili na watatuwatatu au kila mtu yuko peke yake, na kama maktaba iko wazi wakati huo. Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili wa fani yako hasa. Wa mwaka wa kwanza bado hawajajua, na wa mwaka wa mwisho wamekwisha kusahau. Waulize zoezi likiwashinda humwendea nani, wangapi kati ya walioanza nao hawakurudi mwaka wa pili, na mwishoni mwa juma chuo hubaki na watu au huwa kitupu. Iulize idara, kwa barua pepe yenye adabu, kuhusu ukubwa wa semina na namna ya kutoa alama. Idara inayomjibu vizuri mtu ambaye bado si mwanafunzi wake imekuonyesha jambo muhimu kuhusu jinsi itakavyokutendea.

Kwa yale uliyonieleza, naelekea kwenye chuo cha kwanza, na nitakwambia kwa nini bila kukuficha mashaka yangu. Unapenda kusoma, kwa hiyo msukumo wa kusoma utaingia nao popote. Usichoweza kuingia nacho ni watu, na watu wanahitaji mahali. Lakini nashikilia sharti moja: uwe umethibitisha kwamba idara yako katika chuo hicho inafundisha kwa makini na kwamba wapo wanafunzi wanaosoma kweli ambao unaweza kuishi karibu nao. Ukikuta idara ni dhaifu, raha ya mabweni haitaufidia upungufu huo, na hapo ningegeuka. Chuo cha pili kinaweza kuwa chaguo zuri kabisa ikiwa programu yako husoma pamoja kama kundi moja, alama hazigombaniwi, na unaweza kupanga chumba karibu na chuo pamoja na wenzako wa darasa. Usikikubali kwa mpango wa kusafiri kila siku na kusoma peke yako, hata kama jina lake ni kubwa.

Unapozungumza na wazazi wako, usiwaambie unataka chuo chenye maisha. Watasikia kwamba unataka kucheza. Waonyeshe ulichokiona maktaba saa tatu usiku, ukubwa wa semina, idadi ya wanaohitimu kwa wakati katika idara yako na kazi wanazozipata. Kaka yako mwombe aende nawe siku ya kutembelea, kwani akiona kwa macho yake atakuwa msaada mkubwa nyumbani.

Na ukichagua chuo chenye mabweni, ijaze mapema fomu ya kuomba chumba. Ikiuliza unalala saa ngapi, unasoma saa ngapi na unavumilia kelele kiasi gani, jibu kama ulivyo hasa, si kama ungependa kuonekana, kwa sababu huenda majibu hayo ndiyo yakaamua mtu utakayeishi naye mwaka mzima wa kwanza.